Maoni: Mbuzi kwenye kiwanja cha ndege si jambo la kuchekesha

Kwa wakaaji wa Shabunda, Punia au Walikale, ndege ndogo si starehe. Barabara ikikatwa na matope ao na vita, ndege ndiyo inayoleta dawa, chumvi na sabuni, na ndiyo inayompeleka mgonjwa mjini. Lakini viwanja vingi vya vijijini ni vya udongo na havina uzio. Mbuzi wanakula majani humo, mbwa wanazunguka, na watu wanapita wakienda shambani.

Watoto wanafurahi wakiona rubani anapita chini juu ya kiwanja kisha anapanda tena. Ukweli ni kwamba anafukuza wanyama. Kila mzunguko unakula mafuta, na siku mbuzi anarudi njiani wakati magurudumu yanagusa ardhi, rubani hana la kufanya. Ndege aina ya Let 410, inayobeba hadi wasafiri 19, inatua kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Mnyama mmoja anatosha kuvunja gurudumu ao propela. Cessna Caravan nayo ina injini moja tu. Ikizimika wakati wa kuruka, mbele ni msitu.

Hatari nyingine inatoka juu. Mwaka 1988, huko Bahir Dar nchini Ethiopia, njiwa waliingia katika injini zote mbili za Boeing 737 iliyokuwa ikiruka, na watu 35 wakafariki. Njiwa, kunguru na mwewe wanafuata takataka, maji yaliyotuama na majani marefu. Ndiyo maana shirika la kimataifa la usafiri wa anga, OACI, linashauri majalala yawe umbali wa kilomita 13 kutoka kiwanja cha ndege. Katika miji ya mashariki mwa Kongo, nyumba na takataka zake zimefika hadi ukingoni mwa viwanja.

Wengine wanasema dawa ni kuwatoza faini wenye mbuzi. Faini peke yake haitasaidia mahali ambapo kiwanja kimekata njia ya shamba na hakuna njia nyingine. Kinachohitajika hakiko mbali: senyenge, njia ya kuzunguka kiwanja, majani yaliyokatwa, shimo la takataka lililo mbali, na vijana wanaolipwa kwa kulinda kiwanja kabla ndege haijafika. Chifu na wakaaji wakishirikishwa, kazi hiyo inawezekana.

Pesa nazo zinaombwa kila siku. Tangu 2009, msafiri anayepanda ndege Bunia ao Kindu analipa Go-Pass, iliyowekwa kwa ajili ya kutengeneza viwanja vya ndege. Ana haki ya kuuliza ni mita ngapi za uzio zimejengwa kwa pesa hiyo. Serikali isingoje maziko ndipo itume tume ya uchunguzi. Mbuzi hajui saa ya ndege. Wenye kusimamia kiwanja wanaijua.