Mgeni Asiyeacha Kwao



Juma lililopita mjukuu wetu alitujia na swali: "Babu, Vaduz si mji wa Uswisi, mbona timu yake inacheza ligi ya Uswisi?" Tulipomjibu, tuliona jawabu lafaa kuwafikia wazazi pia.

Vaduz ni mji mkuu wa Liechtenstein, nchi iliyo baina ya Uswisi na Austria. Eneo lake ni kilomita za mraba 160, na watu wake ni takriban 40,000. Klabu zake za kandanda ni saba tu, hazitoshi kuunda ligi. Kwa hivyo zote hucheza kwa jirani, Uswisi, ambaye tangu mwaka 1924 nchi hizo mbili zina muungano wa forodha.

FC Vaduz iliasisiwa mwaka 1932. Imepanda daraja la juu la Uswisi mara tatu, ya kwanza mwaka 2008, na kila mara ikateremka. Tena ugeni una masharti: hata ingetwaa ubingwa wa Uswisi, isingeiwakilisha Uswisi barani Ulaya. Mlango wake wa Ulaya uko nyumbani, nao ni Kombe la Liechtenstein, linaloshindaniwa na klabu hizo saba. Kwa mlango huo mdogo, mwaka 2022, ikiwa daraja la pili kwa jirani, Vaduz iliitoa Rapid Wien ya Austria na kuingia hatua ya makundi ya mashindano ya Ulaya. Hakuna klabu ya Liechtenstein iliyowahi kufika hapo kabla yake.

Wazazi wengi twawapeleka watoto wetu kwa ami au shangazi kwa ajili ya masomo. Tuwafunze kushika taratibu za mwenyeji bila ya kunung'unika, wala wasiionee haya nyumba ndogo waliyotoka, kwani mwacha asili ni mtumwa.

Nanyi mliopokea mtoto wa mwenzenu, msimhesabie matonge. Jirani aliyempa mdogo uwanja hakupungukiwa na kitu. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wabillahi tawfiq.