Dilolo: jino lisilotoka si heshima, ni mtego

DILOLO, Lualaba – Siku ya soko, fundi wa meno hakosi wateja. Anafungua mkoba wake juu ya kiti cha plastiki: koleo, tupa, chupa ndogo ya maji makali, unga wa rangi ya waridi, na meno yaliyopangwa juu ya kadi kama vifungo vya shati. Mteja anakaa na kufungua kinywa. Fundi anachanganya unga na maji ya chupa, anaubandika kwenye pengo, anashikiza jino jipya kwenye meno ya jirani, na kabla bukari haijaiva kazi imekwisha. Mteja anajitazama kwenye simu, anacheka, analipa. Jino halitoki tena. Hilo ndilo analosifiwa fundi, na hilo ndilo kosa lake kubwa.

Asichekwe mtu anayetaka meno. Katika nchi hii ya Wachokwe na Walunda, kinywa kimekuwa cha heshima tangu zamani. Tazama kinyago cha Pwo, sura ya mama wa Kichokwe: mara nyingi fundi aliyekichonga alikiwekea meno yaliyochongwa kwa ncha, kwa sababu huo ulikuwa uzuri. Mwenye pengo la mbele anaficha mdomo kwa kiganja anapocheka. Asiye na magego anameza karanga nzima nzima na kuyaacha mahindi ya kuchoma kwa watoto. Kutaka kuziba pengo ni haki. Shida ni kwa kitu gani, na kwa mkono wa nani.

Unga ule ni resini. Ukichanganywa na maji yake unapata joto wakati wa kukauka, na yale maji huwasha na kuunguza ufizi. Lakini moto huo ni wa siku moja. Ubaya unaokaa ni kwamba resini imefunika ufizi na kukumbatia meno mazima ya pembeni. Sombe na nyama vinaingia chini yake, wala mswaki wala kijiti haviwezi kuvifuata. Ufizi unavimba na kutoa damu, kinywa kinanuka, meno ya jirani yanaoza au yanaanza kucheza. Siku jino la fundi linapotoka, linaondoka na majirani zake. Mtu aliketi kwenye kiti na pengo moja, anaamka miaka michache baadaye na mapengo matatu. Na kama koleo na tupa vimetoka kinywani mwa mwingine na kusuuzwa tu katika ndoo, anaweza kubeba pia homa ya ini ya aina ya B.

Wengi watajibu: meno ya kutoa na kurudisha ni ya wazee, yanaanguka mbele ya wageni. Jibu hilo linapendwa sana, na ni la uongo. Meno ya kutoa yanaanguka yakitengenezwa bila kipimo. Yakipimwa vizuri yanakaa, na yanashinda ya kubandika kwa jambo moja tu lililo kubwa kuliko yote: jioni yanatoka, yanasafishwa, na ufizi unapumua.

Basi mtu ajue anachonunua. Meno ya kutoa ya resini iliyopikwa, yenye ndoano za waya, ndiyo ya bei nafuu. Ni manene kidogo na yanaweza kuvunjika yakianguka chini, lakini yanatengenezeka, na jino likipotea tena fundi anaweza kuongeza lingine palepale. Ya nailoni laini hayana waya unaoonekana, kwa hiyo vijana wanayapenda. Lakini yakipasuka au ufizi ukibadilika, kuyarekebisha ni kazi ngumu. Ya chuma ni membamba, yana nguvu na yanaegemea meno yaliyobaki bila kukandamiza ufizi. Ndiyo bora kwa mtu aliyebakiwa na meno mazuri, lakini yanahitaji karakana yenye tanuri. Daraja lisilotoka linalotengenezwa na daktari si ndugu wa kazi ya sokoni, kwani linaacha nafasi ya kusafisha. Ila mara nyingi ni lazima kupunguza meno mawili mazima ili kulibeba. Na jino la kupandikizwa kwenye mfupa kwa skrubu ya titani linahitaji mfupa wa kutosha, daktari aliyefunzwa kazi hiyo na pesa nyingi.

Kuna pia jibu ambalo hakuna fundi atakayelisema: wakati mwingine usiweke kitu. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kusema tangu miaka ya 1990 kwamba meno 20 ya asili yanamtosha mtu mzima kula. Aliyepoteza gego moja la nyuma na anatafuna vizuri asitoe hata franka moja. Atunze yaliyobaki.

Sasa hapo kwenye meno ya chuma pasomwe mara mbili. Chuma hicho ni mchanganyiko ambao zaidi ya nusu yake ni kobalti, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni kromu. Kobalti! Ile ile inayochimbwa Kolwezi, katika jimbo hili hili la Lualaba, ndani ya nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Inaondoka ikiwa unga kwenye magunia, inavuka bahari, inasafishwa, na inarudi Afrika ikiwa kifaa kidogo kinywani mwa mwenye pesa. Mkaaji wa Dilolo anasikia honi ya treni inayopeleka shaba ya Kolwezi bandarini Lobito, naye anatafuna upande mmoja.

Kwa hiyo lawama zote zisimwangukie fundi wa sokoni. Yeye amekaa mahali ambapo wengine waliacha wazi. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba katika kanda ya Afrika kuna daktari wa meno mmoja kwa watu wapatao 30,000, na wengi wao wako katika miji mikubwa. Kutoka Dilolo hadi Kolwezi ni zaidi ya kilomita 400 kwa reli. Meno ya kutoa hayatengenezwi kwa siku moja: kuna siku ya kipimo, siku ya kujaribu, siku ya kuvaa, na siku ya kurudi kupunguza panapouma. Nani atafunga duka au kuacha shamba kwa safari nne? Nauli na malazi vinapita bei ya meno yenyewe. Mama anayemchagua fundi wa sokoni si mjinga. Amepiga hesabu.

Hesabu nyingine ipigwe na wakubwa. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha wa madini: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa maeneo yenye migodi na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mwaka huo huo kobalti ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati, na mrabaha wake ukapandishwa hadi asilimia 10. Dilolo haiombi ile 15. Lakini ile 25 ni ya jimbo zima, na Dilolo imo ndani ya jimbo.

Na kinachoombwa si kikubwa. Karakana ya meno ya resini ndani ya hospitali inahitaji jasi, nta, vikopo vya chuma, kibanio, mashine ndogo ya kung'arisha na sufuria ya maji ya moto; resini nzuri hupikwa ndani ya maji hayo, hata juu ya makala. Inahitaji fundi mmoja aliyesoma, na daktari wa meno anayefika kwa ratiba inayojulikana. Bei ibandikwe mlangoni. Mafundi wa sokoni wanaokubali kujifunza wafundishwe. Wanaoendelea kubandika resini kinywani wakatazwe. Kukataza bila kufungua karakana ni kumfukuza fundi kutoka sokoni hadi uani.

Hadi siku hiyo, mwenye pengo asikubali unga uchanganywe kinywani mwake. Akishang'olewa jino asubiri kidonda kipone, wiki sita au zaidi. Akipata meno ya kutoa, ayasafishe kwa sabuni na mswaki, usiku ayaweke ndani ya maji safi, asiyachemshe kamwe. Na kabla ya kulipa aulize swali moja tu: hili jino, nitalitoa vipi jioni? Fundi akijibu kwamba halitoki, ainuke kwenye kiti.