Tumemwambia bima ni haramu. Je, tumemwachia nini?

Na Mwalimu wa madrasa, Kisesa, Mwanza

  

Ndugu Waislamu, makala hii ni ya kukiri kosa kabla ya kuwa ya kutoa nasaha. Hapa Kisesa, kando ya barabara iendayo Musoma, takriban kilomita 20 kutoka Mwanza mjini, yupo mama mmoja mjane katika jamaa ya msikiti wetu ambaye hutengeneza mishumaa nyumbani kwake. Huyeyusha nta jikoni, huimimina katika kalibu, huifunga mishumaa sita sita na kuipeleka madukani. Umeme unapokatika, mishumaa yake ndiyo inayowaka katika nyumba nyingi za mtaa, na kwa faida hiyo ndogo watoto wake watatu hula na kusoma.

Siku moja baada ya darsa alinisubiri nje ya msikiti. Akasema: "Ustadh, mishumaa yangu inaingia katika nyumba za watu usiku, na wao wamelala. Ikiunguza nyumba ya mtu, mimi nitalipa na nini?" Akanieleza kuwa alikwisha kwenda mjini kwa wakala wa bima. Wakala akamtaka leseni ya biashara na cheti cha ubora wa bidhaa, kisha akamwambia kuwa jiko la nyumbani si kiwanda. Angeweza kumkatia bima ya moto kwa mali iliyomo dukani. Lakini bima ya dhima, yaani ile inayowalipa watu wengine waliodhurika kwa bidhaa yako, kwa biashara kama hiyo hakuwa nayo. Mama akataka kujua kama aendelee kutafuta kwingine.

Nilimjibu kwa sentensi moja: "Bima ni haramu, mama. Mtegemee Allah." Akasema, "Nimesikia, Ustadh," akaenda zake.

Haikupita miezi mingi. Katika nyumba moja mshumaa wake ulisimamishwa ndani ya kikombe cha plastiki karibu na kitanda. Ukalegea, ukapinda, ukaangukia chandarua. Mtoto aliungua mkono na godoro likateketea. Alhamdulillah, mtoto alipona, ingawa kovu limebaki. Wazee walipokaa kusuluhisha ilidhihirika kuwa makosa yalikuwa ya pande zote mbili. Wenye nyumba waliuweka moto karibu na chandarua. Na mama, kwa kuishiwa steariki, ule unga mweupe unaougumisha mshumaa, alimimina nta laini peke yake, na mshumaa wa namna hiyo hulegea kwa joto. Alikubali kulipa godoro na nusu ya gharama za hospitali. Ili alipe, aliuza kalibu zake. Nilikuwa nimeketi katika kikao kile. Hakuna aliyeniuliza neno, na yeye hakunitazama.

Nusu ya fatwa

Ndugu msomaji, nililomjibu mama yule sikulizua. Nilipokuwa nikisoma Khartoum tulifundishwa azimio la Majmau ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lililopitishwa Jeddah mwezi Desemba 1985. Azimio hilo linasema kuwa mkataba wa bima ya kibiashara, ambamo mtu hulipa ada maalumu kwa kampuni, una gharar kubwa inayouharibu mkataba, na kwa hiyo ni haramu. Gharar ni kuuziana jambo lisilojulikana: unalipa leo, na hujui kama utapata kitu, utapata kiasi gani, wala lini. Aidha, fedha hizo aghalabu huwekezwa katika riba. Ni kweli kwamba wapo wanavyuoni waliokuwa na rai nyingine. Sheikh Mustafa az-Zarqa (r.a.) alipingana na wenzake katika kikao cha Makka cha mwaka 1978 na kuona kuwa bima inafaa. Lakini rai ya wengi ni hiyo ya kukataza, na mimi ndiyo ninayoifuata.

Kosa langu ni kuwa niliisoma nusu yake. Azimio lile halikuishia kwenye neno haramu. Baada ya kukataza, likaeleza badala yake: bima ya ushirikiano iliyojengwa juu ya kujitolea na kusaidiana, ambamo wenye kuchangia ndio wenye mfuko. Kisha likazitaka nchi za Kiislamu zifanye bidii kuisimamisha. Na pale Khartoum nilipokuwa nikihifadhi maneno hayo, kampuni ya bima ya Kiislamu ilikuwapo tangu mwaka 1979! Nilirejea nyumbani na katazo, mlango uliofunguliwa pamoja nalo nikauacha huko huko.

Tena tujiulize. Sheria ya nchi inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto barabarani kuwa na bima ya mtu wa tatu. Maimamu wetu wenye magari na pikipiki wanayo, na tunawapa udhuru kwa kuwa wamelazimishwa. Sisi sote tunapanda daladala zenye bima hiyo kwenda mjini. Lakini anapokuja mjane wa mishumaa, ukali wetu wote tunaumalizia kwake. Je, huu ndio uadilifu?

Dhamana haifutiki

Wapo wanaodhani kuwa mtu akisema "ni qadari ya Allah" basi hadai wala hadaiwi. La hasha! Sharia yetu imeweka dhamana kwa aliyeharibu mali ya mwenzake, hata kama hakukusudia. Kukosa kukusudia kunaondoa dhambi. Haki ya mwenye mali inabaki pale pale. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwenye kutibu watu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya tiba anabeba dhamana ya madhara yake, na wanavyuoni wakawapimia hapo mafundi wengine.

Kadhalika wametofautisha kati ya mwenye kutenda jambo moja kwa moja na mwenye kusababisha. Mshumaa ukiwa mzima na mnunuzi akauegemeza kwenye godoro, lawama ni ya mnunuzi. Lakini fundi akiutengeneza kwa nta dhaifu au utambi usiolingana naye anajua, huo ni uzembe, na asipoueleza unaingia katika ghishi aliyoikemea Mtume (S.A.W.) pale sokoni alipotia mkono katika rundo la nafaka akakuta unyevu chini.

Sheria ya nchi haiko mbali na hapo. Mahakama zetu zimerithi misingi ya sheria ya Kiingereza, na mwaka 1932 huko Uingereza iliamuliwa kesi mashuhuri ya mwanamke wa Scotland aliyedai kuwa alikunywa kinywaji cha chupa kikatoka mabaki ya konokono. Kinywaji alinunuliwa na rafiki yake, kwa hiyo hakuwa na mkataba na yeyote. Pamoja na hayo iliamuliwa kuwa mtengenezaji ana wajibu kwa mtumiaji wa mwisho, hata kama hawajapata kuonana. Mama wa Kisesa, bila ya kuisoma kesi hiyo, alikwisha ulifahamu jambo lenyewe. Ndiyo maana alikuja kuuliza.

Hakuachwa peke yake

Hapa ndipo penye uzuri wa dini yetu. Katika zama za Mtume (S.A.W.) wanawake wawili wa kabila la Hudhayl waligombana. Mmoja akamrushia mwenzake jiwe, akamuua pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni. Mtume (S.A.W.) aliamua kuwa diya ya marehemu ilipwe na aqila ya yule muuaji, yaani jamaa zake wa upande wa baba. Haki ya aliyeuawa ilitimizwa, na mwanamke aliyekosea hakuachwa abebe peke yake mzigo unaomzidi nguvu.

Sayyidna Umar (R.A.) alipoanzisha daftari la askari, diya ikawa inakusanywa kutoka kwa walioandikwa pamoja katika daftari hilo. Wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi wakachukua hoja hapo: kinachozingatiwa ni kunusuriana, na kama watu hunusuriana kwa kazi zao, basi aqila ya mtu ni wenzake wa kazi hiyo. Sisi wafuasi wa Imamu Shafii tunabaki na jamaa wa nasaba. Hata hivyo hekima iliyomo katika kauli hiyo haifichikani.

Ni lazima niseme kweli: aqila hubeba diya ya kuua na kujeruhi kwa makosa. Haibebi mali. Godoro lililoungua liko juu ya aliyeharibu mwenyewe. Lakini hata hapo hakufungiwa mlango. Katika fungu la zaka wamo al-gharimuna, wenye kulemewa na madeni (At-Tawba, aya ya 60), na mwanachuoni Mujahid (r.a.) alimtaja miongoni mwao mtu aliyeunguliwa na nyumba yake. Nao Ash'ari, watu wa Yemen, Mtume (S.A.W.) aliwasifu kwa sababu chakula kilipowapungukia walikusanya walichonacho katika nguo moja wakagawana sawa. Je, jamaa ya msikiti wetu siku ile ya kikao ilikuwa Ash'ari au watazamaji?

Tufanye nini?

Kwanza, tuzuie kabla ya kulipa. Bima iwayo yote haiponyi mkono wa mtoto. Nta iyeyushwe katika sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, isiwekwe juu ya moto moja kwa moja, na maji yale yasiachwe yakauke. Nta ikishika moto isimwagiwe maji hata kidogo, kwani yatageuka mvuke na kuirusha huku ikiwaka. Zima jiko na ufunike sufuria kwa mfuniko. Ndoo ya mchanga iwe karibu na watoto wawe mbali. Kila fungu la mishumaa liandikwe: weka juu ya kisahani cha bati au udongo, mbali na chandarua, uzime kabla ya kulala. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, hufundisha kazi za namna hii, na Shirika la Viwango, TBS, ndilo lenye alama ya ubora ambayo yule wakala aliitaka. Kufuata njia hiyo ni sehemu ya amana.

Pili, mafundi wadogo wa kila msikiti, wa mishumaa, sabuni, batiki na maandazi, waunde mfuko wa kujitolea. Kina mama 30 wakitoa shilingi 2,000 kila mwezi, kwa mwaka ni shilingi 720,000. Kiasi hicho kingetosha kununua godoro bila ya mtu kuuza kalibu zake. Mchango uwe ni tabarrui isiyodaiwa kurudishwa. Yaandikwe masharti: nani anaamua, msaada una kikomo gani, na kwamba aliyefanya uzembe kwa makusudi hapewi. Hapa tahadhari inahitajika. Kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, biashara ya bima haifanywi bila ya leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Kwa hiyo mfuko wetu usimuuzie mtu ahadi ya kumlipa. Uwe ni wa kusaidiana, kama vile vikundi vyetu vya kufa na kuzikana.

Tatu, twende kwenye takaful. Zamani tulikuwa na udhuru kuwa haipo. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 2011 kwa kampuni ya Takaful Insurance of Africa. Hapa kwetu TIRA ilitoa mwongozo wa takaful mwaka 2022, na baada ya hapo Shirika la Bima la Zanzibar likaingia katika huduma hiyo. Udhuru umekwisha. Mama mmoja mwenye sufuria moja ni rahisi kumrudisha mlangoni. Kikundi cha watu 30 chenye daftari, katiba na barua ya msikiti hakirudishwi hivi hivi. Na kikifika kiulize bila ya haya: Mfuko ni wa nani, wa kampuni au wa wachangiaji? Unawekezwa wapi? Ziada inakwenda kwa nani? Wanavyuoni gani wanausimamia? Na swali la mama yetu lisisahaulike: je, inamlipa mtu wa nje aliyedhurika kwa bidhaa iliyotengenezwa nyumbani? Jina la Kiarabu juu ya mlango halitoshi kuwa jibu.

Nne, neno kwetu sisi waalimu. Kukataza ni wepesi. Hakuhitaji mfuko, daftari wala kikao. Lakini mwenye kumfungia mtu njia akiwa anaijua nyingine na asimwoneshe, amemdhulumu. Nimekwenda kwa mama yule pamoja na mzee mmoja wa msikiti, nikamwomba radhi. Alinisamehe, kisha akasema: "Ustadh, mimi sikutaka kukwepa kulipa. Nilitaka niwe na cha kulipia." Kalibu mpya bado hajanunua. Mkutano wa kwanza wa mfuko utafanyika msikitini kwetu baada ya swala ya Ijumaa, inshaallah, na yeye ndiye tuliyemwomba aweke daftari.

Tunamwomba Allah (S.W.) atusamehe tuliyoyapunguza na atuwezeshe kusaidiana katika wema na uchamungu. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.