Nani Mwenye Elimu ya Mtera?

Asiyejua thamani ya elimu na autazame mto wa Ruaha Mkuu. Katika Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, maji ya mto huo huzungusha mitambo ya megawati 80 iliyoanza kazi mwaka 1988, kisha hushuka mpaka Kidatu kuzungusha mingine ya megawati 204. Mwaka 2006, maji yalipopungua na umeme ukawa wa mgao, lawama iliwaangukia wafugaji wa Usangu, upande wa juu wa mto. Mwaka huo na uliofuata wengi wao walihamishwa pamoja na mifugo yao.

Je, lawama ile ilikuwa ya haki? Wataalamu waliibishia. Miongoni mwao Martin Walsh aliandika mwaka 2012, katika Journal of Eastern African Studies, makala ya kuihoji. Kuamua nani alishinda katika hoja hiyo si kazi ya insha hii. Swali lake ni jingine: mfugaji aliyehamishwa, mvuvi wa Mtera na diwani wa Mpwapwa watayasomaje yaliyoandikwa juu ya maisha yao? Jarida hilo, litolewalo na Taylor & Francis, ni la mseto: makala iliyolipiwa ada na upande wa mtungaji husomwa bure na kila mtu; isiyolipiwa huuzwa kwa msomaji.

Springer iliutangaza mtindo huo mwaka 2004 kwa dola 3,000 kwa makala moja. Nature ilipoufuata mwaka 2021 ilitaka euro 9,500. Mchapishaji wa mseto hula kwa mikono miwili: mmoja hupokea ada ya mtungaji, wa pili hupokea fedha za maktaba inayolinunua jarida lile lile, na wataalamu wanaoipima makala kwa kawaida hawapati kitu. Huko Ulaya kwenyewe subira imekwisha. Umoja wa wafadhili uitwao cOAlition S, ulioundwa mwaka 2018, ulikataa kulipa ada za mseto ila kwa mikataba ya mpito, na mikataba hiyo nayo ukaiwekea mwisho, mwaka 2024.

Husemwa kwamba nchi maskini husamehewa ada. Husamehewa, lakini kwa kawaida katika majarida yaliyo huria kabisa, si katika ya mseto. Husemwa tena kwamba vyuo vya Tanzania hupata majarida kwa mpango wa Research4Life. Ni kweli, na shukrani ni wajibu. Lakini mpango huo huhudumia taasisi zilizoandikishwa, na mvuvi si taasisi. Juu ya hayo, sadaka hudumu kwa hiari ya mtoaji, na haki haifai kungojea hiari ya mtu.

Hata hivyo, lawama yote ikitupwa mlangoni mwa mchapishaji itakuwa nusu ya haki. Wachapishaji wengi wakubwa humruhusu mtungaji kuweka muswada wake uliokubaliwa katika hazina ya chuo chake bila ada. Elsevier, kwa majarida yake mengi, hutaka ingojwe miezi 12 mpaka 24. Springer miezi 12. Kungojeshwa huko ni dhuluma, lakini dhuluma yenye mwisho: makala inayotoka leo itakuwa wazi kabla mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajamaliza shahada ya miaka mitatu. Chuo Kikuu cha Sokoine na Chuo Kikuu cha Dodoma vyote vina hazina hizo. Basi mtungaji aliyehesabiwa makala yake kwa ajili ya cheo, kisha akauacha muswada ulale katika kompyuta yake, amelifunga kufuli ambalo mchapishaji mwenyewe amekubali kulifungua.

Dawa yake haihitaji euro hata moja. Makala isihesabiwe katika kupandisha cheo mpaka muswada wake uwemo hazinani tangu siku ya kukubaliwa, hata kama utafunguliwa baadaye. Na kila utafiti juu ya watu wa Tanzania uambatane na muhtasari wa Kiswahili, maana muswada ulio wazi kwa Kiingereza peke yake bado una kufuli la pili.

Watu wa Usangu walihamishwa kwa hoja ambayo wanachuoni walibishana juu yake katika kurasa za kuuzwa. Mwanachuoni atakayeacha jambo hilo lirudie, hali ufunguo umo mfukoni mwake, hatakuwa na mchapishaji wa kumsingizia.