Leta iliacha waya ya simu ikufe, raiya ndiye analipa

Ndugu zetu wa Kasongo, ndugu zetu wa Kabambare,

Kila tukiuliza sababu gani intaneti ni shida huku kwetu, wakubwa wanatujibuka vilevile: «Muvumilie, ni teknolojia ya pesa mingi, na ninyi muko mbali.» Sisi vijana tumechoka na jibu hilo. Tuelezane kwanza ginsi intaneti ya kasi iliingia katika nyumba za watu wengine.

Iliingia kupitia waya ya kawaida ya simu ya mezani. Ni nyuzi mbili za shaba zilizosokotwa, basi. Mtu akiongea, sauti yake inatumia sehemu ndogo tu ya waya: mitetemo isiyopita karibu 4.000 kwa sekunde. Juu ya hapo waya iko tupu, kama barabara isiyo na gari. Mafundi wakapitisha data humo, kuanzia mitetemo karibu 25.000 mpaka 1.100.000 kwa sekunde. Hiyo ndiyo inaitwa ADSL. Nyumbani wanaweka modemu na kidude cha kuchuja, ili sauti na data zisigongane. Kwenye santrali ya simu wanaweka mashine inayokusanya data za wateja wote na kuzitia katika njia kubwa. Mama anaongea na simu, mtoto anasoma kwenye kompyuta, na waya ni ileile. Ubaya wake ni mmoja: data inachoka ndani ya shaba. Ukipita kilomita tano hivi kutoka santrali, hupati kitu.

Hii haikuwa ya Ulaya peke yake. Kule Kigali, Rwandatel iliuza ADSL. Tanzania, TTCL ilifanya vilevile. Hawakuanza na muujiza. Walianza na waya iliyokuwa hai na santrali yenye umeme.

Na kwetu? Waya ilikuwa mikononi mwa OCPT, ile leo inaitwa SCPT. Haikutunzwa. Tangu miaka ya 1980, kule Kinshasa, wenye pesa walikimbilia simu za Telecel kwa sababu simu ya Leta haikuita tena. Mkubwa akishapata simu yake mfukoni, waya ya raiya inamhusu nini? Vita ya 1996 na ya 1998 zikakuta mgonjwa yuko tayari kitandani.

Kwa hiyo umbali si sababu ya kweli. Sababu ni kuachwa. Waya ikifa, raiya anaanza kulipa: megas za bei, pikipiki ya kumfikisha penye rezo, franga za kuchaji simu, mwanafunzi kupanda kilima na usiku ili atume kazi yake.

Wengine watasema: «Shaba ni ya zamani, sasa tuko na antene.» Ni kweli, hatuombi turudishiwe shaba. Lakini antene haifanyi kazi peke yake. Nyuma yake lazima kuwe njia kubwa ya kubeba data. Njia ikiwa nyembamba, watu wote wanagawana kijiko kimoja, hata kama simu imeandika 4G. Kebo ya baharini iko Muanda tangu zaidi ya miaka kumi. Nyuzi za kioo, zile wanaita fibre optique, zitafika Kasongo na Kabambare lini?

Wasituambie pesa hakuna. Mwaka 2020 walianza kutukata inite kwa jina la RAM. Raiya walipiga kelele mpaka ikaondolewa mwaka 2022. Sheria ya 2002 ilishaongea juu ya huduma ya simu kwa watu wote. Sheria ya tarehe 25 Novemba 2020 iko na mfuko wake, FDSU, kwa ajili ya sehemu kama zetu. Na tunakumbuka tarehe 31 Desemba 2018: walipotaka kuzima intaneti kisha uchaguzi, walizima inchi nzima kwa siku moja. Kuzima, hatuko mbali. Kuunganisha, ndiyo tunakuwa mbali!

Kwa hiyo tunadai:

1. FDSU itangaze mbele ya watu: imepokea ngapi, imetumia ngapi, wapi, na imepanga nini kwa Kasongo na Kabambare, na tarehe.

2. Kila barabara itakayotengenezwa Maniema ya kusini iachiwe mfereji wa nyuzi za kioo, tusichimbe mara mbili.

3. Kila njia itakayojengwa iwe na fundi wake, umeme wake na pesa ya matunzo. Shaba ilikufa kwa kukosa hayo matatu.

4. Wadepite wetu wamuulize waziri swali kwa maandishi, kisha warudi kutusomea jibu hapa, mbele ya raiya.

Kifungu cha 24 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Hakikuandika «isipokuwa mtu wa Kabambare».

Wazee wetu waliona waya ya kwanza ikikufa, na wakati ule kusema ilikuwa ni kifungo. Sisi tuko na midomo. Ya pili haitakufa tukiwa tumenyamaza.

Sisi vijana raiya wa Kasongo na Kabambare