Mbwa Kali? Huyo Ni Mfungwa

Tembea mtaa wowote wenye mageti hapa Nairobi uhesabu mabati yaliyoandikwa MBWA KALI. Rangi nyekundu, herufi zimepinda, sarufi imelala. Mwalimu wako wa Kiswahili angetaka "mbwa mkali", lakini leo sina ugomvi na sarufi. Ugomvi wangu ni na kile kiko nyuma ya hilo geti: kibanda cha mbao na mabati, mlango wa waya, kufuli, na ndani mbwa amesimama juu ya mavi yake tangu alfajiri.

Mnamwita mlinzi. Huyo ni mfungwa, tena hana siku ya kutoka.

Na kabla mnirukie, wacha nianze na kwetu. Tuko na mmoja anaitwa Simba, kama nusu ya mbwa wa Kenya. Nikiwa shule, halafu chuo, nilikuwa namwona usiku tu akizunguka boma, nikadhani maisha yake ni hayo. Nilipoacha chuo nikarudi nyumbani, ndiyo mara ya kwanza nilishinda kejani mchana kutwa, na dirisha langu linaangalia kibanda chake. Siku moja ya Februari, saa saba mchana, jua la kukaanga mayai, nikasikia kitu kinakwaruza simiti. Ni Simba alikuwa analamba sufuria yake. Sufuria ilikuwa kavu. Alikuwa ameilamba hadi ikafika kwenye kona, na bado alikuwa anailamba hapo hapo.

Nilikuwa nimeishi na huyo mbwa miaka sita na sikujua anakunywa maji saa ngapi. Hakuna mtu kwetu alijua. Kila mmoja alidhani mwingine ameweka.

Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama wewe. Ana tezi chache tu za jasho kwenye nyayo. Joto analitoa kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na kuhema kunataka maji na hewa inayopita. Sasa chukua huyo mnyama mwenye koti la manyoya, mfungie ndani ya mabati juani bila tone la maji. Unalinda nyumba ama unapika?

Najua jibu lenu, kwa sababu ni jibu la mzee wangu pia: "Akizoea watu hatakuwa mkali." Huu uongo umerithiwa kama shamba. Mtoto wa mbwa hujifunza dunia zaidi kati ya wiki ya 3 na wiki ya 14 hivi: watu, watoto, pikipiki, kelele za mtaa. Ukimfungia wakati huo, unakuza mbwa mwenye hofu ya kila kitu. Na mbwa mwenye hofu anauma yeyote aliye karibu. Hatofautishi mwizi na mtoto wa jirani aliyeingia kuchukua mpira.

Halafu fikiria kama mwizi kidogo. Mbwa ameshinda na njaa, ametupiwa ugali mkavu saa mbili usiku. Kipande cha nyama yenye sumu kikirushwa juu ya ukuta saa nane, unadhani atauliza imetoka wapi? Mbwa aliyeshiba na anayejua watu wake ndiye anaweza kubweka akiona mgeni. Huyo wako wa kibandani anabweka usiku kucha, anabwekea hadi mwezi, na nyinyi mshazoea kugeukia upande ule mwingine mlale.

Na kuna hii ya kichaa cha mbwa, ambayo haina utani. Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu ifikapo 2030. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kinga ni chanjo, kuanzia mbwa akiwa na miezi mitatu, halafu inarudiwa. Lakini niambie, mbwa ambaye hata wewe mwenyewe huwezi kumshika, daktari atamdunga vipi? Hapo ndipo "mbwa kali" inageuka hatari kwa mtu wa kwanza kabisa, yaani wewe unayemfungulia.

Msifikiri hii ni ya wazee tu. Wewe msee wa bedsita uliyenunua mtoto wa German Shepherd akae vizuri kwenye picha, na sasa ana miezi minane, amefungwa kamba ya mita moja kwenye balkoni ukienda kazi, wewe pia ni askari jela. Tofauti yako na mzee wangu ni kamera.

Kuna atakayesema watu wanakosa unga na mimi naongea mambo ya mbwa. Sawa, tuongee pesa. Simba sasa ana beseni la maji linalojazwa asubuhi na jioni. Kibanda tulikisogeza chini ya mparachichi, tukakiinua kwa matofali manne, ndani tukaweka gunia kavu la baridi ya Julai. Mchana mlango wake uko wazi na geti limefungwa. Gharama yote ya hayo ni jasho langu la Jumamosi moja. Chanjo ndiyo ililipiwa, na kuna siku serikali za kaunti huchanja bure. Kama hata hiyo ni ngumu kwako, basi usifuge. Hakuna mtu amekulazimisha. Nunua kufuli kubwa zaidi, kufuli halisikii kiu.

Na msijidanganye kwamba ni mambo ya hisia. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na kumnyima mnyama chakula na maji ni kosa. Tunaivunja kila siku mbele ya watoto wetu, halafu tunashangaa wakirushia paka mawe.

Siku ya kwanza nilipofungua mlango mchana, nilidhani Simba atatoka mbio. Hakutoka. Alikaa ndani akiangalia ule uwazi, akiniangalia mimi, akiuangalia tena. Alitoka jioni, saa ile ile aliyozoea kufunguliwa. Ilichukua karibu wiki mbili kabla alale kwenye kivuli mchana. Mzee alisema nimemharibu. Wiki hiyo hiyo mtu alijaribu geti letu usiku, na Simba alibweka hadi mzee mwenyewe akaamka na tochi.

Kwa hivyo kabla ulale leo, toka nje uangalie sufuria ya mbwa wenu. Usiulize nani alikuwa zamu. Ikiwa kavu, weka maji, halafu rudi tubishane.