Kaya ni za Nani?

Tangu 1992 Kaya za Wamijikenda zimekuwa zikitangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kuwa turathi za taifa, na mwaka 2008 baadhi zikaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Jambo jema hilo, kwani pwani yetu yaujua unyakuzi wa ardhi, Diani hasa. Lakini ni nani mwenye neno juu ya msitu leo? Kwa vizazi vingi baraza la wazee ndilo lililoamua mti upi usikatwe na njia ipi isipitwe. Tangazo limeleta sheria nyingine, na maofisa wake.

Wako waumini wasemao kaya ni mambo ya mizimu, hayatuhusu. Nabothi je, alitetea nini ila urithi wa baba zake?

Katiba ya 2010, kifungu cha 63, yahesabu misitu na mahali pa matambiko pa jamii kuwa ardhi ya jamii. Basi kila kaya iandikishwe kwa jina la wenyewe, chini ya sheria ya 2016. Pasipo hati, tangazo likifutwa kesho, wazee watalisoma gazetini kama sisi.